Nilinyamaza, jiwe likaziba

Mimi ni mchapaji wa litografia, yaani nachapa picha za wasanii kutoka kwenye jiwe, sio msanii, nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiona chapa imetundikwa ukutani wanasoma lile jina moja lililosainiwa kwa penseli chini kulia, wanajua basi yule ndo kafanya kila kitu. Ila ukisogea karibu ukaangalia pembeni kabisa chini utaona kialama kimebonyezwa kwenye karatasi bila wino, hukioni mpaka mwanga ukipige kwa ubavu, hicho ni mhuri wa karakana, na mara nyingine kando yake kuna mhuri wa mchapaji mwenyewe. Miaka yangu 11 imo kwenye vialama hivyo. Sina kinyongo na jina la penseli, mchoro ni wa msanii na lazima ubaki wa msanii, ila leo nataka kusimulia kile kinachotokea kati ya yule anayechora na yule anayechapa, maana hapo ndo kazi inapoponea au inapofia, na mi niliwahi kuiua moja kwa kufunga mdomo tu.

Nilianza kwa kusaga mawe. Miezi mingi sikugusa rola wala wino, ilikua ni mimi na jiwe na maji. Jiwe lenyewe ni la chokaa, yale yanayosifiwa zaidi yanatoka Solnhofen kule Bavaria, Ujerumani, na ni mazito kweli, jiwe la sentimita 60 kwa 80 lenye unene wa sentimita 8 linafika karibu kilo 100. Unalilowesha, unanyunyiza unga wa kusagia unaoitwa kaborundamu namba 80, namba ikipanda unga unakua laini zaidi, unazungusha juu yake dude zito la chuma lenye mpini ukiandika nane, nane, nane, kisha unaosha, unaweka namba 180, unaosha, unaweka 220, mpaka mchoro wa mtu aliyetangulia uondoke na uso wote uwe sawasawa kama ngozi ya mtoto. Ukizembea katikati pakabonyea, presi itakuumbua, itachapa pembeni na katikati pabaki peupe.

Alafu nikapandishwa cheo nikawa mtu wa sponji. Kwa ambaye hajawahi kuona, nieleze kidogo. Kwenye litografia jiwe halichongwi, hakuna shimo wala kinundu, mchoro na sehemu tupu vyote viko usawa mmoja. Kinachofanya kazi ni ule ukweli wa kawaida tu kwamba mafuta na maji hayapatani. Msanii anachora kwa krayoni ya mafuta au kwa wino wa mafuta unaoitwa tushi, kisha mchapaji anapaka gundi arabiki iliyochanganywa na asidi ya naitriki kidogo, ile gundi inafanya sehemu tupu zishike maji na mafuta ya mchoro yakae pale pale yalipo. Ukilowesha jiwe, maji yanakaa kwenye utupu, ukipitisha rola yenye wino, wino unaenda kwenye mafuta peke yake. Aliyegundua jambo hili ni Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekua anatafuta njia rahisi ya kuchapa maandishi yake, alianza majaribio na mawe mwaka 1796, na mpaka leo kanuni ni ile ile.

Kwahiyo mmoja anapitisha rola, mwingine anapitisha sponji, na mnakwenda kwa mwendo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja, akiinua yeye unashusha wewe. Jiwe likikauka sekunde chache tu rola ikapita, wino unashika kila mahali. Mwalimu wangu hakutaka maneno wakati wa kuchapa, akisikia mtu anaongea anasimamisha rola hewani mpaka uache. Alikua na kauli yake, mkono wa mchapaji usionekane, yaani chapa ikitoka pale iwe ya msanii mwenyewe, isiwe na harufu yako. Nilikipenda hicho kitu na bado nakipenda, tatizo ni kwamba nilikielewa vibaya, nilidhani na mdomo nao usisikike.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Alikuja mama mmoja, mchoraji wa rangi za maji, mtu mzima mwenye jina lake, mi nilikua ndo nina miaka minne kazini na mwalimu amenipa kazi hiyo niiongoze mwenyewe kwa mara ya kwanza, yeye akiwa safarini. Tulikubaliana edisheni ya 30, yaani nakala 30 zinazofanana, rangi moja, jiwe moja. Mama alichora siku tatu, na alichora kitu ambacho sijawahi kuona tena, ukungu juu ya maji, hakuna mstari hata mmoja, ni tushi iliyoyeyushwa na maji mengi tu. Tushi ikikauka juu ya jiwe inajikunja inafanya vijimistari vidogo vidogo kama mawimbi ya mchanga, Wafaransa wanaiita ngozi ya chura, na yeye alijua kuisubiri, anamwaga tone, anakaa kimya anaangalia, anamwaga jingine. Kuna sehemu juu kulia ilikua nyepesi kiasi kwamba ukisimama vibaya huioni.

Hapo ndo penye shida, na yeyote aliyewahi kuchapa tushi anaijua. Doa jepesi la tushi linadanganya jicho, linaonekana kijivu hafifu lakini mafuta yaliyomo ndani yanaweza kua mengi kuliko rangi inavyoonyesha, ukilipaka asidi dhaifu linaanza kula wino kidogo kidogo kila karatasi mpaka linageuka jeusi, ukilipaka asidi kali unaliunguza linapotea kabisa. Unacheza kwenye nafasi nyembamba mno. Mi nilitayarisha gundi zangu tatu, ya kwanza tupu kabisa bila asidi kwa zile sehemu nyepesi, ya pili ina matone 6 kwenye mililita 30, ya tatu matone 12 kwa ajili ya giza la chini, na nikapaka kwa woga, kweli kabisa, niliogopa kuuunguza ule ukungu.

Prufu ya kwanza, yaani karatasi ya majaribio, ilitoka nzuri. Ya pili nzuri. Ya nne nikaona juu kulia pameanza kushikana, vile vijimistari vya ngozi ya chura vilivyokua vimeachana sasa vinagusana. Kidogo sana, mtu asiyeishi na jiwe asingeona. Nikaangalia, nikajua. Mama akaniuliza, tena kwa upole, "fundi, itabaki hivi hivi?" nikamjibu "itabaki mama."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Kulikua na heshima ndani yake, ni mtu mzima, ni mkubwa kwenye kazi yake, mi nani nimwambie mchoro wake hautakaa. Kulikua na kutaka kuonekana naweza, mwalimu hayupo, kazi ya kwanza. Na kulikua na ile imani yangu mbovu kwamba kuchapa ni kunyamaza. Vyote vitatu vikakaa kwenye ulimi kwa wakati mmoja. Akasaini ile prufu tuliyokubaliana iwe kipimo, ndo ile inayoitwa bon à tirer, maneno ya Kifaransa yanayomaanisha iko sawa chapeni, na kuanzia hapo kila karatasi inatakiwa ifanane na hiyo iliyosainiwa.

Karatasi ya 7 nilianza kupunguza wino kwenye rola. Ya 9 nikaongeza maji. Ya 11 nikabadilisha wino nikaweka mgumu zaidi, maana wino laini unaziba haraka. Ilipofika ya 12 ule ukungu haukuwepo tena, kulikua na wingu la mvua. Na mi nikaendelea! Hilo ndo linaniuma mpaka leo, niliendelea mpaka ya 18 nikijiambia itarudi, itarudi, kijana wa sponji ananiangalia usoni na mimi namkwepa. Mama alikua amekaa pembeni anafunga vitu vyake, akanyanyuka kuja kuangalia, akachukua ile bon à tirer akaiweka kando ya karatasi ya 18, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Nikasimamisha. Nikaweka gundi, tukaosha mchoro, tukaanza upya na asidi kali zaidi, tukaokoa giza la chini lakini kule juu palikua pameshakufa, ukifungua panaziba, ukikaza panaungua. Siku tatu zake zikaishia hapo.

Nilitegemea agombe. Aliniuliza tu, "uliona lini?" Nikamwambia ukweli, prufu ya nne. Akasema "mwanangu, ungeniambia pale pale ningechora kwa namna nyingine, mi sikuja kupima kama unaweza, mi jiwe silijui ndo maana niko na wewe." Hayo maneno sijayasahau. Yeye alikuja akijua kwamba upande mmoja wa kazi hauoni, na akawa ameniamini niwe macho yake kwa upande huo, mi nikafumba.

Mwalimu aliporudi nikamsimulia yote. Hakunifokea, akanipeleka kwenye droo akatoa daftari za kazi, kila edisheni ina ukurasa wake, jiwe gani, wino gani, matone mangapi ya asidi, karatasi aina gani, prufu ngapi, na safu ya mwisho imeandikwa mliyozungumza. Safu hiyo kwenye kurasa zangu ilikua tupu. Tupu kabisa, kurasa zote. Kwenye kurasa zake imejaa mpaka pembeni.

Kuna historia nyuma ya daftari za namna hiyo, na nikaanza kuisoma kwa njaa baada ya pale. June Wayne, msanii wa Los Angeles, miaka ya 1950 ilimbidi asafiri hadi Paris kufanya kazi na mchapaji Marcel Durassier, kwa sababu Marekani wachapaji wa kushirikiana na wasanii kwenye litografia walikua wamekaribia kuisha. Wachoraji walikuwepo tele na mawe yalikuwepo, ila fundi wa kukaa katikati hakuna. Kwahiyo mwaka 1960 akaanzisha karakana ya Tamarind kwa msaada wa Ford Foundation, lengo likiwa kufundisha wachapaji wapya, na jina ni la barabara iliyokuwepo karakana, ukilitafsiri ni ukwaju tu. Mwaka 1970 ikahamia chuo kikuu cha New Mexico, Albuquerque. Kinachonigusa mimi ni kwamba pale mchapaji alifundishwa kua mshirika, anaandika kumbukumbu za kila kazi, ana mhuri wake, anahesabika. Na mbegu imesambaa mbali, Mark Attwood alisoma huko akarudi Afrika Kusini akaanzisha The Artists' Press mwaka 1991. Ukifikiria, mama mmoja aligundua kwamba sanaa nzima inaweza kufa kwa kukosa mtu wa pili chumbani.

Tukarudia kazi ya yule mama wa ukungu. Alikubali, na hilo nalichukulia kama zawadi kubwa. Safari hii siku ya kwanza hatukuchora kitu cha maana, tulichukua kipande cha jiwe kidogo, akaweka madoa ya tushi kumi, kila moja na maji zaidi ya lililotangulia, tukayapaka asidi, tukachapa karatasi 20 mfululizo tukaangalia lipi linakaa na lipi linaziba. Madoa mawili ya mwisho yale mepesi kabisa hayakukaa. Nikamwambia mama haya mawili jiwe hili na mikono yangu hii hatuwezi kuyashikilia mpaka 30, na nilipomwambia niliona amefurahi, kabisa, akavuta kiti akasema haya tufanyeje sasa. Tukakaa. Wazo lililotoka si langu wala si lake, sijui hata nani alianza sentensi, kwamba ukungu ule mwepesi utoke kwenye jiwe la pili, auchore kwa tushi nzito inayoshika vizuri, alafu uwepesi tuupate kwenye wino wenyewe, tuchanganye kijivu kidogo sana na ule wino angavu usio na rangi mpaka kiwe kama pumzi. Mchoro mzito, wino mwepesi. Jiwe linatulia kwa sababu limepewa kitu cha kushika, na jicho linaona ukungu.

Mawe mawili maana yake kazi mara mbili, na karatasi lazima ikae mahali pale pale mara zote mbili, tulipitisha karatasi zote kwenye presi zikiwa tupu kwanza ili zimalize kutanuka, tukaweka alama za kulengesha nyuma ya kila moja. Tulichapa 30 zote na prufu za msanii, zile nakala zake mwenyewe, juu yake. Karatasi ya 30 ukiiweka kando ya bon à tirer huwezi kuzitofautisha. Na ukweli ni kwamba ile chapa ni bora kuliko ile ya kwanza iliyokufa, kuna kina kati ya mawe mawili ambacho jiwe moja lisingekitoa.

Baada ya hapo nikakosea upande wa pili, na hili nalo lazima niliseme. Nilipojua kwamba kunyamaza ni kosa nikageuka msemaji. Akaja kijana mmoja, yeye anachonga sanamu, hajawahi kugusa jiwe la litografia maisha yake, na mimi asubuhi ya kwanza nikamkalisha nikampa masharti yote. Usiguse uso wa jiwe kwa kidole, mafuta ya ngozi yatachapa. Usiegemee. Jasho lisidondoke. Mate yasiruke ukiongea. Kumbuka inatoka kinyume kama kwenye kioo, ukiandika herufi ziandike kinyumenyume. Usikandamize krayoni sana, usiifute, ukiifuta mafuta yanabaki. Yote ni kweli, hakuna hata moja la uongo. Kijana akachora siku mbili kitu kidogo katikati ya jiwe, kigumu, kimejikunja, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu anaogopa kukaa kwenye kiti. Nikaona tena, kazi inakufa, na safari hii nimeiua kwa maneno.

Mwalimu alipita akaangalia, akaenda akavuta jiwe la zamani lenye pembe iliyovunjika, akaliweka mbele ya kijana akamwambia weka viganja. Kijana akanitazama mimi. Mwalimu akasema usimtazame huyo, weka viganja vyako vyote viwili, sugua. Akapaka. Akamwambia mwaga tushi, akamwaga, chukua wembe ukwangue, akakwangua, na mchonga sanamu ukimpa kitu cha kukwangua umemrudisha nyumbani kwake, kwa saa moja na nusu alikwangua lile jiwe akitoa weupe kutoka kwenye weusi, alama za viganja zimebaki pale kwenye ukingo. Tuliliandaa lile jiwe tukalichapa, na ndo ikawa edisheni, mpaka ile pembe iliyovunjika imo kwenye chapa. Lile jiwe la siku mbili tulilisaga.

Si jambo geni hilo. Mwaka 1963 msanii wa Marekani Robert Rauschenberg akiwa kwenye karakana ya litografia ya Tatyana Grosman kule Long Island, New York, jiwe lilimpasukia kwenye presi, wakaandaa jingine nalo likapasuka, akaamua kuchapa hivyo hivyo na ufa umekatiza katikati, na akapanga vipande vilivyomeguka chini ya ufa, akaiita "Accident", yaani ajali, na mwaka ule ule ikapata tuzo kuu kwenye maonyesho ya chapa ya Ljubljana, Yugoslavia ya wakati ule. Watu wakisimulia wanamsifu Rauschenberg, na anastahili, mi huwa nawafikiria wale wachapaji waliokua wamesimama pale jiwe la pili limepasuka, ambao walikubali kulilowesha, kulipaka wino na kulipitisha kwenye presi bila kulimaliza kabisa. Mtu aliamua, lakini mtu mwingine ilibidi aweze.

Au Picasso. Alianza kwenda kwenye karakana ya litografia ya Mourlot, Paris, Novemba 1945, na kuanzia Desemba hadi Januari akamchora fahali kwenye jiwe moja akimbadilisha mara 11, anaanza na fahali mwenye nyama na manyoya, anapunguza, anapunguza, mpaka anabaki mistari michache tu. Kila hatua ilichapwa, ndo maana leo tunaziona zote 11. Fikiria kazi ya mchapaji hapo, jiwe ambalo limekwanguliwa na kuchorwa upya tena na tena, kila mara unaliandaa na asidi lisife maana kesho jamaa anarudi kulikwangua tena.

Sasa hivi nina desturi yangu, sijui kama itamfaa kila mtu. Siku ya kwanza ni ya jiwe la kuchezea, kipande kidogo, msanii afanye anachotaka, mi nachapa mbele yake, hapo yeye anajifunza jiwe na mi najifunza mkono wake, anakandamiza kiasi gani, ana haraka au anasubiri, akikosea anakasirika au anacheka. Masharti nayatoa moja moja yanapohitajika, pale pale kwenye tukio, si hotuba. Na ninachokiona kwenye prufu nakisema hapo hapo hata kama ni kidogo, hata kama mtu ni mkubwa kiasi gani, nakisema kama habari ya jiwe, "hapa pameanza kushikana," siongezi "ulichora vibaya", maana mchoro sio wangu kuuhukumu. Kuamua anaamua yeye. Kuna walioniambia acha pazibe, napenda pakiziba, na tukachapa hivyo, sawa kabisa.

Kwenye rangi ndo tunabishana zaidi, na mabishano hayo nayapenda. Msanii anakwambia nataka bluu yenye huzuni kidogo, sasa huzuni haiko kwenye kopo, huwezi kuipima kwa kijiko, kwahiyo tunakaa bega kwa bega mezani nachanganya kidogo nagonga kwa kidole kwenye kipande cha karatasi ile ile tutakayotumia, maana wino ukiwa mnene juu ya meza unaonekana mweusi kuliko ukiwa mwembamba kwenye karatasi, anasema joto kidogo, naongeza chembe ya nyekundu, anasema hapana umezidisha. Mara nyingine tunamaliza asubuhi nzima kwenye rangi moja. Zamani nilikua naona ni kupoteza muda, siku hizi najua hapo ndo tunajenga lugha yetu ya wiki nzima, tukishaelewana huzuni ni ipi basi jiwe la tatu hatubishani tena.

Mambo ya karatasi za makubaliano siyapendi kuyaongelea ila yaandikwe kabla krayoni haijagusa jiwe, ngapi zitachapwa, za msanii ngapi, za karakana ngapi, prufu ya mchapaji nani anabaki nayo, zikiharibika hasara ni ya nani. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika juu ya prufu tatu ambazo hakuna aliyeandika ni za nani. Na jiwe lisisagwe mpaka msanii akubali kwamba edisheni imeisha, akishakubali lisagwe kweli, mwenye nambari 5 kati ya 30 anatakiwa alale akijua hakuna ya 31.

Yule mama alikuja siku ya kusaga mawe yake mawili. Wasanii wengi hawapendi kuona, yeye akaomba ashike mpini mwenyewe. Tulizungusha pamoja, maji yakawa kama maziwa yenye vumbi, giza la chini likaanza kupauka, ila jiwe lina tabia ya kukumbuka, mafuta yanaingia ndani, ukishadhani umemaliza ukilowesha unaona kivuli cha mchoro bado kipo pale kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Tuliongeza raundi mbili nzima za namba 80 mpaka kikatoka. Alikua anapumua kwa nguvu, akasema kazi hii hakuna anayeiona. Nikamwambia mama wewe umeiona.

Miaka miwili baadae akarudi na kazi mpya, rangi nne. Siku ya pili tu alikua ameshaweka tushi juu kulia, nyepesi mno, pale pale anapopapenda, akasimama kando na brashi mkononi anasubiri ikauke. Vijimistari vikaanza kujikunja. Akaniita, "fundi njoo, hii itabaki hivi hivi?"

Nikainama nikaangalia kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya jiwe. "Hii ya kushoto itabaki mama," nikamwambia, "hii ya kulia haifiki karatasi ya 10."

Akachovya brashi kwenye tushi nzito, akainama tena.